Kilo Nyingi, Lishe Haba

Ukame ukishika Ganze na Magarini katika Kaunti ya Kilifi, vijana wa kujitolea wa Mombasa, Mtwapa na Malindi hawangoji kuitwa. Huweka meza nje ya maduka makubwa, hupita misikitini na makanisani, husambaza nambari ya M-Pesa kwenye vikundi vya WhatsApp, na punde si punde lori limejaa. Kutoa tunajua. Mwaka 2011, Wakenya walipoona picha za watu waliokuwa wakifa njaa Turkana, kampeni ya Kenyans for Kenya ilijiwekea lengo la kuchanga shilingi milioni 500 kwa wiki nne, na lengo hilo likafikiwa kabla ya muda. Kinachonikera mimi, kama mtu wa lishe, ni kile kinachotiwa ndani ya mfuko wa msaada.

Ufungue mfuko wa kawaida uone. Pakiti kadhaa za unga wa sima, mchele, sukari kilo mbili, mafuta ya kupikia, majani ya chai, na pengine pakiti ya tambi. Mfuko ni mzito, unapendeza ukipigwa picha, na kwa siku chache utaondoa njaa ya tumbo. Lakini ndani yake hamna kunde, hamna dagaa, hamna chochote cha kumjenga mtoto.

Hilo si jambo dogo kwa kaunti hii. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 18 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko inavyostahili umri wao. Kilifi ni asilimia 37. Na si lazima mtoto aliyedumaa awe alilala njaa. Wengi hushiba sima na chai ya rangi kila siku. Kudumaa hutokea hasa katika siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba hadi mtoto atimize miaka miwili, na ukishapita muda huo ni vigumu mno kurudisha kilichopotea. Basi mfuko wowote uendao kijijini, mimi huupima kwa swali moja: mtoto wa mwaka mmoja atapata nini humu?

Mahindi yana protini, lakini ni pungufu: yana upungufu wa laisini, kijenzi kimojawapo cha protini, na mwili wa mtoto haukui vizuri bila hiyo. Kunde, pojo, mbaazi na maharagwe zina laisini tele. Ukila sima kwa kunde, kimoja hujaza pengo la mwenzake. Bibi zetu waliopika mbaazi za nazi hawakuhitaji maabara kulijua hilo.

Mashirika ya misaada hupiga hesabu kwa wastani wa kalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Mgao wao wa kawaida huwa na gramu 400 za nafaka, gramu 60 za jamii ya kunde, gramu 25 za mafuta, gramu 5 za chumvi yenye madini joto, gramu 15 za sukari na gramu 50 za unga wa uji ulioongezwa virutubishi. Kwa familia ya watu watano kwa wiki moja, hiyo ni nafaka kilo 14, kunde kilo 2 na kidogo, mafuta karibu kilo moja, unga wa uji chini kidogo ya kilo 2, na sukari nusu kilo tu. Linganisha na mfuko wetu: sukari kilo mbili, kunde hakuna. Ningeambiwa nipange mimi, ningepunguza sukari na tambi, nikapandisha kunde hadi kilo tatu au nne, kwa sababu huko nyama na mayai ni nadra. Kisha ningeongeza dagaa wakavu waliochambuliwa mchanga. Mama huwasaga, akatia kijiko kwenye uji wa mtoto, bila kuni za ziada.

Kuni na maji ni jambo ambalo wafadhili wa mjini hulisahau. Maharagwe makavu huchukua saa nyingi jikoni, na mahali ambapo mama hutembea mbali kutafuta mtungi mmoja wa maji, mfuko wa maharagwe unaweza kukaa pembeni. Pojo na kunde huiva upesi, hasa zikilowekwa usiku. Na majani ya chai, nawasihi, yaacheni. Chai inywewayo pamoja na chakula huzuia mwili kufyonza madini ya chuma, na wajawazito wengi tayari wana upungufu wa damu. Pesa hiyo inunue ndimu, ambayo hufanya kinyume chake: vitamini C yake husaidia chuma kufyonzwa.

Sasa nije kwenye mahindi yenyewe, maana hapa kosa huua. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na maeneo jirani, watu 317 waliugua na 125 wakafa baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Sumu hiyo hutokana na ukungu unaomea nafaka zisipokauka vizuri, na kupika hakuiondoi. Nafaka ichangwayo na watu mia, ikarundikwa sakafuni kwenye chumba kisicho na hewa ikisubiri lori, ni hatari. Magunia yawekwe juu ya mbao, mbali na ukuta. Kabla ya kupokea, fanyeni jaribio la chupa: tieni mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya glasi, tikiseni, muiache itulie. Chumvi ikishika ukutani mwa chupa, mahindi bado yana unyevu, msiyapokee. Punje zilizovunda au kubadilika rangi zitupwe, wala kuku wasilishwe. Lakini jaribio hilo hupima unyevu tu, halionyeshi sumu iliyokwisha kuingia. Kwa hiyo ni salama zaidi kuomba pesa badala ya mahindi, mkanunua unga wa pakiti wenye alama ya kuongezwa virutubishi, jambo ambalo sheria ya Kenya imelidai tangu 2012.

Maziwa ya kopo ya watoto wachanga msiyabebe kabisa. Kanuni ya kimataifa ya 1981 na sheria ya Kenya ya 2012 zimeweka mipaka mikali kuyahusu, na sababu ni nzito. Yakichanganywa na maji machafu humletea mtoto kuhara, na mama akiacha kunyonyesha hata kwa siku chache, maziwa yake hupungua. Mlisheni mama, naye atamlisha mtoto.

Yako pia mambo ambayo mfuko hauwezi. Wahudumu wa afya ya jamii wana utepe wa kupima mkono wa mtoto wa miezi 6 hadi 59. Chini ya sentimita 11.5 ni rangi nyekundu: mtoto huyo anahitaji zahanati na chakula cha tiba, leo. Kati ya hapo na 12.5 ni manjano, naye lazima afuatiliwe. Kwa hiyo kabla ya kutangaza michango ijayo, mpigieni simu mhudumu wa kijiji mnachokwenda. Muulizeni ana watoto wangapi wa manjano na nyekundu, wajawazito wangapi, na maji yako umbali gani. Kisha ndipo muandike orodha ya vya kununua.