Grafu Inapopoteza Alama na Rangi Zake

Grafu ya shinikizo la damu iliyochorwa Moshi kwa programu huria ya R huweza kuonekana safi kwenye kompyuta, kisha ikafika zahanati za Machame au Marangu, katika miteremko ya Kilimanjaro, ikiwa na kasoro. Kasoro mbili ndizo za kawaida.

Ya kwanza ni ya herufi. Grafu ikihifadhiwa kwa amri ya pdf(), alama ya ≥ huweza kugeuka nukta tatu. Badala ya “≥ 140”, mhudumu husoma “... 140”, asijue kama kipimo hicho ni kikomo cha juu au cha chini. Amri ya cairo_pdf() hutumia fonti za kompyuta yenyewe na kuzipachika ndani ya faili.

Ya pili ni ya rangi. Nyekundu na kijani hufanana machoni pa wasiotofautisha rangi hizo. Zikichapwa kwa wino mweusi, zote huwa kijivu. Rangi za viridis, zilizofanywa chaguo-msingi la Matplotlib mwaka 2017 na zinazopatikana pia katika R, hupangwa kutoka nyeusi-nyeusi hadi angavu, hivyo hutofautika hata bila rangi. Mistari nayo ipewe maumbo tofauti na majina kando yake.

Kabla ya kusambazwa, grafu ichapwe nakala moja isiyo na rangi, isomwe na mtu ambaye hakuichora.