Maganda ya risasi yanakuwa mama mjamzito

Ndugu wachimbaji, kuna Mukongomani mwenzetu, Freddy Tsimba, muzaliwa wa Kinshasa, 1967. Alisoma Académie des Beaux-Arts, lakini ukimuona kazini utasema ni fundi wa kuchoma vyuma tu. Anaokota maganda ya risasi pale watu walipopigana, vijiko, funguo, mitego ya panya, anaviunga kwa moto mpaka mwanamke mwenye mimba anasimama. Kuna nyumba nzima ameijenga kwa mapanga 999! Mwaka 2020 kazi zake zilionyeshwa Tervuren, kule Ubelgiji.

Huku Salamabila vitu havikosi. Nyundo iliyokwisha kichwa, karai lililotoboka, jembe lililobaki kipande: vyote tunauzia watu wa vyuma kwa kilo, na jasho letu linaenda nao. Vijana wetu wa kuchoma vyuma wajaribu. Nyundo ya mwenzetu aliyefia shimoni isiuzwe, iungwe na zingine, isimame kama mutu pale tunapokutania.

Lakini wazazi, mushike hili: ganda tupu ni chuma. Risasi nzima ao bomu, mutoto asiguse hata kwa fimbo, akimbie kuita mukubwa.