Mwaliko wa mkutano wa zahanati hautoshi bila takwimu

TANGAZO hutolewa kanisani, msikitini na sokoni: wananchi wote mnaombwa kuhudhuria mkutano wa kuboresha huduma za afya. Watu wanafika. Mgeni rasmi anahutubia, wazee wanatoa malalamiko yao, soda zinanywewa na kila mtu anarudi kwake. Mwezi unaofuata foleni ni ile ile, na saa tatu asubuhi mlango wa chumba cha matibabu bado umefungwa.

Ndiyo sababu wengi huamini kwamba kuwashirikisha wananchi katika masuala ya afya ni maneno matupu. Hata hivyo, majaribio yaliyofanywa nchini Uganda kuanzia mwaka 2005 yanaonyesha kwamba kasoro haiko katika kuwaita wananchi. Iko katika kile wanachopewa wakishafika.

Wazo lenyewe si geni. Septemba 1978, mataifa yaliyokutana Alma-Ata, katika uliokuwa Muungano wa Kisovieti, yalikubaliana kwamba watu wana haki na wajibu wa kushiriki katika kupanga na kutekeleza huduma zao za afya. Nayo Uganda ilifuta ada za matibabu katika vituo vya serikali mwaka 2001, na vituo hivyo vina kamati za usimamizi zenye wawakilishi wa wananchi. Lakini kufutwa kwa ada hakukumaanisha kwamba mgonjwa angemkuta mhudumu kazini.

Mwaka 2005, watafiti Martina Björkman na Jakob Svensson, wakishirikiana na mashirika ya kijamii, waliteua zahanati 50 za vijijini katika wilaya tisa. Kwa kura, 25 ziliingizwa katika mpango na 25 zikaachwa kama zilivyokuwa ili matokeo yalinganishwe.

Kwanza, watu walihojiwa majumbani na kumbukumbu za zahanati zikakaguliwa. Matokeo yakafupishwa katika ripoti ya kila zahanati: wagonjwa husubiri muda gani, wahudumu hufika kazini kwa kiasi gani, na zahanati hiyo ikoje ikilinganishwa na nyingine. Ripoti zilitafsiriwa katika lugha za wenyeji, na kwa wasiojua kusoma zikatayarishwa picha.

Kisha ikaja mikutano mitatu. Wanavijiji walikutana peke yao, wahudumu wakakutana peke yao, halafu pande zote mbili zikakaa pamoja. Waliandika makubaliano: nini kibadilike, nani atafanya, na lini. Baada ya miezi sita walikutana tena kuona ni ahadi zipi zilizotimizwa.

Mwaka mmoja baadaye tofauti ilikuwa wazi. Zahanati zilizokuwa katika mpango zilikuwa na masanduku ya maoni na kadi zenye namba za foleni kwa wingi kuliko zile zilizoachwa. Utoro wa wahudumu ulipungua na muda wa kusubiri ukawa mfupi. Matumizi ya huduma kwa wagonjwa wasiolazwa yalikuwa juu kwa takriban asilimia 20, na vifo vya watoto walio chini ya miaka mitano vilikuwa chini kwa asilimia 33. Hayo hayakutokana na serikali kuongeza fedha au dawa katika zahanati hizo.

Mwaka 2007 yakaanza majaribio mengine. Safari hii mikutano ilifanyika vile vile, lakini wananchi hawakupewa ripoti ya zahanati yao. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba ubora wa huduma na afya ya watoto havikubadilika.

Sababu yake inafaa kuzingatiwa na kila anayeandaa mikutano ya aina hii. Wananchi wasio na takwimu walijadili zaidi mambo yanayotegemea wakubwa, kama vile fedha na majengo. Waliokuwa na takwimu walizungumzia mambo ambayo wao na wahudumu wangeweza kuyarekebisha papo hapo: utoro, foleni, saa za kufungua.

Hata hivyo, ripoti peke yake si dawa ya kila ugonjwa. Majaribio makubwa zaidi, yaliyoanza mwaka 2014 katika vituo 376 vya Uganda, yalileta nafuu ndogo tu katika ubora wa matibabu. Idadi ya wanaotumia vituo haikuongezeka, wala vifo vya watoto havikupungua kwa sababu ya mpango huo. Ikumbukwe kwamba hali ya nchi ilikuwa imebadilika: vifo vya watoto walio chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 90 kwa kila watoto 1,000 katika takwimu za mwaka 2011 hadi 64 mwaka 2016. Pale ambapo tatizo ni upungufu wa dawa au wahudumu, mkutano wa kijiji hauwezi kulimaliza. Jukumu hilo ni la wilaya na wizara.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mgonjwa ndiye anayeijua foleni, na mama mjamzito ndiye anayejua alivyopokelewa usiku. Lakini yale anayoyajua mmoja mmoja hubaki manung'uniko mpaka yakusanywe, yahesabiwe na kuwekwa mezani.

Basi, msomaji, ukialikwa tena katika mkutano wa zahanati yako, nenda. Ukifika uliza: Wahudumu waliopangiwa zamu ni wangapi, na wangapi hufika? Dawa gani zilikosekana mwezi uliopita, na kwa siku ngapi? Tukikubaliana jambo leo, nani ataliandika, na tutakutana lini kulikagua? Usiposikia jibu la swali la mwisho, ujue kazi ya mkutano huo bado haijaanza.