Kengele ya Saa Sita Mbagala

Simama Mbagala Rangi Tatu saa sita mchana, siku ya shule. Zamu ya asubuhi inatoka, zamu ya mchana inaingia, na kando ya barabara unaona mashati meupe na sketi na kaptura za bluu mpaka macho yachoke. Kila ninapoliona wimbi hilo huwaza rekodi. Kwa miaka mingi tuliposema shule iliyovunja rekodi tulimaanisha iliyoingia kumi bora za Baraza la Mitihani. Tangu Januari 2023 Baraza limeacha kutangaza kumi bora, na mimi naona ni nafasi nzuri ya kuhesabu vitu vingine.

Wengi kuliko wote

Shule inayotambuliwa duniani kwa kuwa na wanafunzi wengi kuliko zote ni City Montessori ya Lucknow, India. Ilianza mwaka 1959 na watoto watano, sasa ina zaidi ya 50,000. Lakini hiyo ni shule ya kulipia, na watoto wake wametawanyika katika kampasi nyingi za mji ule. Wingi wa Temeke, wilaya ya Dar es Salaam ambamo Mbagala imo, ni wa namna nyingine: uwanja mmoja, geti moja, bomba moja la maji.

Jina lililoandikwa sana magazetini kwa wingi huo ni Majimatitu, shule ya msingi ya Mbagala iliyofikisha wanafunzi wa kuhesabiwa kwa maelfu. Mbande, upande wa Chamazi, nayo imetajwa kwa sababu hiyohiyo. Dawa ya kawaida ya halmashauri ni kuigawa shule ikiwa palepale: inazaliwa A, inazaliwa B, kila moja na mwalimu mkuu wake, na watoto wanaendelea kucheza kwenye vumbi moja.

Chukua shule ya watoto 3,000, nusu wasichana, nusu wavulana. Kwa kiwango cha watoto 45 kwa darasa, inahitaji vyumba 67. Kwa kiwango cha tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, inahitaji matundu 135. Anayeishi Charambe au Kilungule hahitaji kuambiwa matundu hayo hayapo. Ndiyo maana kuna zamu mbili, na ndiyo maana dawati lililotengenezwa kwa watoto watatu hubeba wanne au watano.

Wanatoka wapi? Sensa ya 2012 iliikuta Temeke, Kigamboni ikiwa bado ndani yake, na watu 1,368,881. Sensa ya 2022 iliikuta Temeke pekee na watu 1,346,674, Kigamboni ikiwa imekwenda zake na 317,902. Yaani eneo lilelile liliongeza karibu watu 300,000 katika miaka kumi. Kinondoni ya zamani, iliyozaa Ubungo, ilitoka 1,775,049 ikafika 2,069,240. Familia changa hazipangi Masaki. Zinapata chumba Mbagala, Goba au Bunju, na watoto wao huandikishwa shule ya umma ya jirani.

Mwaka uliojaa kuliko yote

Januari 2016, Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015 ulipoanza kutumika, ada na michango vilifutwa. Darasa la kwanza nchini lilitoka watoto milioni 1.5 na ushei mwaka 2015 likapita milioni 2 mwaka uliofuata. Wazazi walipanga foleni za uandikishaji, na wengi walileta watoto wenye umri mkubwa waliokuwa wakisubiri nyumbani kwa kukosa michango.

Mlango ukifunguliwa hivyo huingia hata usiyemtarajia. Kenya ilifuta karo ya shule za msingi mwaka 2003, na Januari 2004 mzee Kimani Maruge, mwenye miaka 84, akaanza darasa la kwanza katika shule ya Kapkenduiywo, Eldoret. Guinness ilimwandika kuwa mtu mzee kuliko wote kuanza shule ya msingi.

Chini kabisa, juu kabisa

Ufaulu wa darasa la saba ulianguka mwaka 2012 hadi asilimia 30.72. Ulipanda tena mwaka hadi mwaka mpaka asilimia 82.68 mwaka 2020, kilele cha miaka hiyo. Mwaka 2021 ukawa 81.97, na 2022 ukashuka hadi 79.62. Baadhi ya watu walilalamika kwamba elimu inaporomoka.

Sikubaliani nao, na nasema hivyo kwa moyo wote. Waliofanya mtihani 2022 ni wale wa foleni za 2016. Mwaka 2021 walifaulu watoto 907,802. Mwaka 2022 walifaulu 1,073,402, mara ya kwanza kwa waliofaulu kupita milioni moja. Asilimia ilishuka kwa pointi mbili na kitu, huku watoto 165,600 zaidi wakifaulu. Walimu waliosimama mbele ya madarasa yaliyofurika mpaka mlangoni ndio walioifanya kazi hiyo, na sikusikia wakipigiwa makofi.

Lakini takwimu hizohizo zina upande unaouma. Darasa la kwanza la 2016 lilipita milioni 2. Waliofika kwenye chumba cha mtihani 2022 walikuwa milioni 1.3 na ushei. Wapo waliokuwa wamerudia darasa. Wapo walioacha kabisa, wakauza karanga na mifuko sokoni. Hawa hawamo kwenye asilimia yoyote ya ufaulu, kwa sababu asilimia huanza kuhesabu kwa aliyeketi.

Rekodi inayokuja

Mtaala mpya ulianza Januari 2024, na elimu ya msingi inapunguzwa kutoka miaka saba hadi sita. Walioingia darasa la tatu mwaka huo watamaliza darasa la sita mwaka 2027, na walioingia la nne watamaliza la saba mwaka huohuo. Makundi mawili yatagonga mlango wa kidato cha kwanza Januari 2028, siku moja. Mbagala watoto hao wapo tayari, na baadhi yao ndio wale wanaosubiri kengele ya saa sita.