Unapomwandikia usiyejua kama ni Bwana au Bibi

Barua ya kuomba kazi huanza bila taabu: anwani ya mwombaji juu kulia, ya mpokeaji kushoto, S.L.P. na mji. Kisha kalamu inakwama. Tangazo limemtaja afisa utumishi kwa jina la Bahati, na Bahati anaweza kuwa baba wa watu au mama wa watu. Tumaini naye ni hivyo hivyo.

Ajabu ni kwamba lugha yenyewe haitudai jibu. "Amefika" ni amefika, awe mume au mke, na shikamoo hutazama umri. Anayetaka kujua ni yule Bw. au Bi. wa mwanzo wa barua.

Wapo wanaobahatisha kwa jina la pili. Kwa Waluo, Otieno ni wa kiume na Atieno wa kike; lakini siku hizi binti hubeba jina la baba yake hadi ofisini, na Otieno aliyesaini tangazo huenda ni yeye. Kwa Wakalenjin na jamaa zao wa Sebei, majina mengi yanayoanza na Chep- ni ya kike. Mwulize basi Joshua Cheptegei wa Uganda, bingwa wa mita 10,000 katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024.

Kuandika "Bw./Bi." ni salama, ila kunafanana na fomu ambayo mjazaji amesahau kukata isiyohusika. "Kwa yeyote anayehusika" nayo inafaa barua ya utambulisho itakayopita mikono mingi. Na "Mpendwa" tuwaachie kampuni za simu na wateja wao.

Tanzania ina dawa ya zamani: Ndugu. Enzi za TANU lilimfaa waziri na mkulima, mwanamume na mwanamke. Baada ya vyama vingi kurejea mwaka 1992, Mheshimiwa alizidi kutamba kwa wakubwa, lakini shule bado zinaandika "Ndugu Mzazi/Mlezi" na hakuna mama anayelalamika. Uangalifu unahitajika barua ikivuka mpaka. Kenya husikika sana "ndugu na dada", hivyo mwanamke wa Nairobi akiitwa Ndugu anaweza kudhani amechanganywa na kaka yake.

Kwangu mimi, cheo ndicho kinachovuka mipaka yote: Mwalimu, Daktari, Mhariri, Wakili, Mhandisi. Hakuna aliyewahi kununa kwa kuitwa Mkuu wa Shule. Cheo kisipojulikana, taja ofisi kwenye anwani, ruka salamu, nenda moja kwa moja kwenye YAH: MAOMBI YA KAZI. Si utovu wa adabu. Barua nyingi za serikali huandikwa hivyo.

Na kama namba ya mapokezi ipo kwenye tangazo, piga. "Samahani, afisa utumishi wenu nimwandike Bwana au Bibi?" Watu wa mapokezi wameulizwa makubwa kuliko hilo.