Kijana wa nguvu naye anapata AVC: tuangalie shingo

Tumezoea kusema AVC ni ugonjwa wa wazee na wa watu wa tansiyo. Basi kijana wa miaka 28, aliyebeba mifuko ya mawe tangu asubuhi, akianguka gafula, mudomo umepinda, mukono mumoja umekufa, jamaa wanasema mara moja: « Hana tansiyo, hakuwa mugonjwa, balimuloga. » Wanaanza kutafuta nani alionea wivu franka zake. Na saa zinapita.

Damu inapanda kwenye ubongo kwa mishipa minne ya shingo. Miwili iko mbele, huku na huku ya koo. Ukigusa kwa kidole unasikia inapiga. Miwili iko nyuma, inapita ndani ya matundu ya mifupa. Shingo ikigeuzwa ao ikivutwa vibaya, ngozi ya ndani ya mushipa inaweza kupasuka. Damu inaingia kati ya kuta zake, inaganda, njia inakuwa nyembamba. Kipande kikitoka pale, kinaenda kuziba mbele. Mara chache mushipa haupasuki, unajikaza wenyewe kisha unaachia. Lakini kule kupasuka, kwa watu wasiofika miaka 50, ni kati ya sababu kubwa za AVC: karibu mumoja kwa watano.

Si lazima ajali ya moto. Kukohoa sana, kutapika, kuinua kitu kizito, kuvunja shingo « kra! » kama wengi wanavyopenda (mwenzetu mumoja hapa kwenye gazeti ameacha tangu wiki hii), vinaweza kutosha. Kwa wamama: mwaka 1993 munganga wa Marekani, Michael Weintraub, aliandika habari ya wanawake watano walioguswa ubongo baada ya kuoshwa nywele saluni, shingo imelazwa nyuma kwenye sinki. Ukisukwa, omba kitambaa chini ya shingo, na usikae vile muda murefu.

Tusitishane. Mutu anayechimba anaumwa shingo kila siku, na karibu siku zote ni nyama tu zimechoka. Maumivu ya kuogopa ni mapya, ya upande mumoja, hayafanani na yale unayoyajua, yanapanda kwenye kichwa ao nyuma ya jicho. Kope moja inashuka na mboni ya jicho lile inakuwa ndogo. Ao sikio linapiga pamoja na moyo, ao dunia inazunguka, unaona vitu viwili viwili. Nenda lopitali siku ile ile, kwa sababu AVC inaweza kuchelewa saa, siku, hata wiki. Ikijulikana mapema, munganga anatoa dawa ya kuzuia damu isigande, na mushipa mara nyingi unapona wenyewe kwa miezi.

Kama uso umepinda, mukono hauinuki, maneno yanagongana, usingoje kesho. Usimpe chakula wala maji, atapaliwa. Usimpe aspirini: pengine ni damu inayotoka ndani ya kichwa, na bila skana hakuna anayeweza kujua. Mulaze upande, tafuta gari. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inatolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu ugonjwa uanze, pale ilipo. Kwa hiyo angalia saa ya mwisho alipokuwa muzima, uiandike hata kwenye mukono wako. Munganga ataiuliza kwanza.