Kabla Hujanunua Simu Mpya ya Kumpigia Mtu wa Dubai

Dadangu alipoenda kufanya kazi Dubai, tulimpigia kwa WhatsApp kama tulivyozoea. Inaandika inaunganisha, kisha kimya. Meseji zinafika, picha zinafika, lakini kuongea hatuongei. Mamangu, ambaye yuko Kakamega, akaamua simu yake imezeeka. Fundi wa pale steji akakubaliana naye (angekataaje na yeye ndiye anauza simu?) na 9,000 za mbolea zikaenda. Simu mpya nayo ikafanya vilevile.

Kumbe shida haikuwa simu. Umoja wa Falme za Kiarabu, ambako Dubai iko, umezuia simu za sauti na video za WhatsApp kwa miaka mingi. Meseji na sauti za kurekodi zinapita, simu ya moja kwa moja haipiti, hata kama anayepiga yuko Kenya. Huko zinaruhusiwa programu zenye leseni, kwa mfano BOTIM, na ni lazima muwe nayo nyote wawili. Kwa hivyo kabla ya kulaumu simu, uliza mtu wako yuko nchi gani na wenzake wanatumia nini. Usimwambie aweke VPN ili apitie mlango wa nyuma. Sheria za huko zinaweza kumletea balaa.

Sasa, ukishajua programu, unahitaji nini? Si mengi. Simu janja ambayo programu hiyo bado inaikubali, nafasi kidogo ya kuiweka, chaji ya kutosha. Vipokea sauti vya bei ya chini vinasaidia sana, kwa sababu spika ikiwa juu, mwenzako anajisikia mwenyewe akirudi kama mwangwi.

Kasi ya intaneti ndiyo watu huiogopa bure. Simu ya sauti hutosheka na takriban kilobiti 100 kwa sekunde kwenda na 100 kurudi. Hata ikimeza zote, ni kama MB 1.5 kwa dakika, yaani bando la MB 100 linakupa saa moja na dakika kadhaa. Video ndiyo mlafi. Ikianza kukwama, zima kamera kwanza kabla hujakata simu.

Kinachoharibu mazungumzo zaidi ni kuchelewa. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linapendekeza sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kufika upande wa pili. Ikizidi sana, mnaanza kukatizana: wewe unasema "haloo" naye alikuwa ameshajibu. Kwa hivyo mtandao wa 4G usio na haraka lakini uliotulia ni bora kuliko ule unaopanda na kushuka. Toka nje ya nyumba ya mabati, kaa mahali pamoja, na umwambie kijana aache kupakua filamu kwenye WiFi hiyo hiyo.

Na pesa je? Hapa ndipo sisi tunapata malalamiko. Mtu anasomewa namba kwenye simu inayokatakata, anasikia "saba" badala ya "tisa," anatuma. Namba iandikwe kwenye meseji, na usome jina linalotokea kabla ya kukamilisha. Pia, kwenye simu nyingi ukipiga msimbo wa huduma ya pesa ukiwa bado kwenye simu ya intaneti, mtandao unaweza kushuka na mazungumzo yakakatika. Maliza kuongea, kisha tuma. Menyu hiyo ya msimbo haihitaji bando, na inafanya kazi hata kwenye kabambe.

Usitume kwa sababu tu umeona picha na jina la ndugu yako. Picha yoyote inaweza kuwekwa na mtu yeyote. Mpigie kwa laini yake ya kawaida, au muulize kitu ambacho ni nyinyi tu mnakijua. Ule msimbo wa SMS unaokuja ukiweka programu ni wako peke yako; anayeuomba anataka akaunti yako.

Jambo la mwisho: dharura ikitokea, piga 999 au 112 kwa laini ya kawaida. WhatsApp haipigi namba hizo.

Mamangu sasa ana simu mbili. Ile ya zamani ndiyo anaongea nayo na Dubai.